Bajeti ya mtu ambaye kichwa kimegoma

Ushauri mwingi wa pesa tunaokutana nao umeandikwa na mtu aliyelala vizuri usiku. Unaligundua hilo mapema tu, andika kila senti inayotoka, kaa jioni upitie matumizi ya siku, linganisha bei kabla hujanunua, jiwekee malengo ya miaka mitano. Sawa. Sasa mpe ushauri huo mtu ambaye tangu asubuhi anabishana na nafsi yake kama aoge au asioge, uone kama hilo daftari litafunguliwa.

Mimi naishi na sonona, wengi tunaiita tu depresheni, ni miaka sasa, kuna vipindi vya nafuu na kuna vipindi vya kuzama, na katikati ya hayo yote kuna nyumba inataka kuendeshwa, kuna watoto, kuna kodi, kuna bili ambazo hazina habari kwamba mama leo hajisikii vizuri. Kitu kimoja nimekuja kukiamini kuhusu hela za nyumbani kwa watu wa aina yangu, ni kwamba bajeti usiitengeneze kwa ajili ya wewe wa siku nzuri. Mtengenezee yule wa siku mbaya kabisa, yule asiyeweza hata kufungua meseji. Ikimfaa yule, huyu wa siku nzuri hawezi kushindwa nayo.

Na kabla hatujafika mbali, jamani, sio uvivu. Daktari akikupima sonona kuna dalili tisa anazoziangalia, na anataka kujua kama zimekaa walau wiki mbili, huzuni, kukosa raha kwenye vitu ulivyokua unavipenda, usingizi kuharibika, uchovu, hamu ya kula kubadilika, kujiona huna thamani na nyinginezo, alafu ndani ya hiyo hiyo orodha kuna kushindwa kuzingatia na kushindwa kuamua. Za huzuni na usingizi kila mtu anazijua. Hii ya kuamua haisemwi sana na ndiyo inayoua bajeti, sababu bajeti ni nini kama sio rundo la maamuzi madogo madogo kila siku, nilipe hii leo au kesho, ninunue kubwa au ndogo, huyu anayedai nimpigie au nimuache kwanza. Mtu mzima wa afya anayafanya hayo huku anaongea na simu. Mgonjwa kila moja linamchosha kama kazi ya nusu siku, akifika la nne anafunga kila kitu anarudi kulala, na deni linabaki pale pale.

Alafu hela kukosekana kwenyewe kunachosha akili, hata ya mtu asiyeumwa chochote. Mwaka 2013 ulitoka utafiti kwenye jarida la Science, wa akina Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, walienda India kwa wakulima wa miwa wakawapima uwezo wa kufikiri mara mbili, mara ya kwanza kabla ya mavuno wakati mfuko umekauka, mara ya pili baada ya mavuno hela zimeingia. Mkulima ni yule yule, kichwa ni kile kile, lakini wakati wa ukame wa hela alifanya vibaya zaidi kwenye hayo majaribio. Nilivyousoma ule utafiti kuna kitu kilitulia ndani yangu, maana nimekulia kwenye kuambiwa masikini ni masikini kwasababu hafikirii vizuri, kumbe mara nyingine hafikirii vizuri kwasababu akili yote imeshikwa na kutafuta ya kesho. Sasa juu ya hapo weka ugonjwa wa akili. Mtu huyo hajabakiza nafasi kubwa ya kupanga chochote.

Kuna hela ugonjwa unazila na huwezi kuziona kwenye risiti yoyote. Adhabu ya kuchelewa kulipa wakati hela ulikua nayo, ila nguvu ya kukaa na ile bili hukua nayo. Chakula kilichooza kwasababu ulinunua ukiwa mzima ukaugua kabla hujapika, alafu juu yake ukanunua cha kupikwa tayari. Usafiri wa gharama kwasababu asubuhi ulishindwa kutoka mapema. Usajili wa huduma fulani ya mtandaoni unaokatwa kila mwezi na hata nywila yake hukumbuki. Siku za kazi ulizokosa. Na vile vitu vya kununua usiku wa manane, unakuta umeagiza kitu ambacho mchana usingekitazama mara mbili, kwasababu kwa dakika chache kile kitendo cha kuchagua na kubonyeza kinakupa kaunafuu fulani hivi, alafu mzigo ukifika unakuletea aibu tu.

Kubwa kuliko zote lakini ni kutokuangalia. Unaacha kufungua bahasha, unaacha kusoma meseji za benki, salio unaliogopa. Wachumi wana jina lake, wanaiita athari ya mbuni, yule ndege anayesemwa anafukia kichwa mchangani asione hatari, na sio sisi wagonjwa peke yetu tunaifanya, Niklas Karlsson, George Loewenstein na Duane Seppi walionyesha mwaka 2009 kwamba hata wawekezaji huwa wanaangalia akaunti zao mara chache zaidi soko linaposhuka. Watu wenye hisa zao, wenye washauri, wanakwepa kuona namba. Sembuse mimi na bili ya umeme. Kwaiyo ukijikuta una bahasha hazijafunguliwa usianze kujitukana, anza kufikiria ni nani anaweza kuzifungua pamoja na wewe.

Haya, tunafanyaje nyumbani kwangu.

Cha kwanza kina jina, tunakiita sakafu. Sakafu ni vile vitu ambavyo visipolipwa mambo yanaharibika haraka na kurudisha ni kazi, pa kulala, chakula cha kawaida, maji na umeme, nauli ya kwenda kazini, mahitaji ya shule ya watoto, na dawa. Basi. Orodha fupi, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi moja, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na pembeni ya kila kimoja kuna kiasi, tarehe, na jinsi ya kulipa, yaani namba ya akaunti, jina la anayelipwa, kila kitu. Hii ya jinsi ya kulipa watu wanaidharau, wanasema si najua. Unajua leo. Siku kichwa kikigoma utashangaa jinsi kutafuta namba ya akaunti kunavyoweza kukuzuia kulipa kodi wiki nzima. Karatasi inamsaidia pia mtu mwingine, kama hujiwezi yeyote anayekupenda anaweza kuisoma na kulipa bila kukuuliza maswali.

Hapo kwenye dawa nikae kidogo maana ndipo wengi tunapojikata. Hela ikibana, kitu cha kwanza kufutwa ni cha mama, na ndani ya vya mama cha kwanza ni dawa, hasa kama umeanza kupata nafuu, unajiambia si nimepona bwana. Dawa za sonona zilizozoeleka zile za kundi la SSRI zinachukua wiki kadhaa kabla hujaona kazi yake, na ukiziacha ghafla mwili unaweza kukugeuka, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi kuvurugika, hasira, wengine wanapata kitu kama shoti ya umeme kichwani. Kwaiyo umeokoa hela ya mwezi mmoja, ukapoteza kazi ya miezi. Kama bei ndiyo shida ongea na daktari waziwazi, mwambie kabisa dokta hii siiwezi kila mwezi, mara nyingi kuna ya aina hiyo hiyo isiyo na jina kubwa la kibiashara na ni nafuu zaidi, fluoksetini na amitriptilini kwa mfano ni dawa za siku nyingi na zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kupunguza dozi au kuacha, hilo daktari ndiye wa kulipanga na linafanywa taratibu. Wewe usilipange ukiwa na kalkuleta mkononi.

Sasa siku hela inapoingia. Sakafu inalipwa siku hiyo hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, na kinachoweza kulipwa chenyewe benki au kwenye simu tumeshakiweka kijilipe. Kinachokubali kulipwa mapema tunalipa mapema. Wataalamu wa pesa watakwambia usilipe kabla ya tarehe, ile hela ikae ikuzalishie, sawa, kwa mtu mwenye uhakika kwamba tarehe ishirini atakua na akili ile ile ya tarehe mosi. Mimi sina huo uhakika. Naona bora hela itoke nikiwa naweza kuitoa.

Kama kipato chako hakina tarehe, leo unapata kesho hupati, sakafu inakua inajazwa kidogo kidogo, kila kinachoingia kipande kinaenda kwenye kodi hata kama kodi bado iko mbali. Ngumu, sikatai. Ila ni rahisi kuliko kutafuta yote kwa mpigo mwisho wa mwezi ukiwa umelala kitandani.

Kinachobaki baada ya sakafu tunakigawa kwa wiki. Mwezi ni mrefu sana kwa mtu mgonjwa, mwanzoni unajiona tajiri na mwishoni unajilaumu. Wiki naiona mwisho wake. Na wiki ikiharibika, sijaharibu mwezi mzima, inakuja nyingine.

Kuna ile kanuni maarufu ya asilimia, 50 mahitaji, 30 matakwa, 20 akiba na madeni, iliyosambazwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren, yule aliyekuja kua seneta Marekani, pamoja na binti yake Amelia Warren Tyagi. Kanuni haina ubaya na kwa mwenye kipato kinachotosha ni nzuri. Lakini nyumba ambayo mahitaji peke yake yanakula karibu yote, zile asilimia zinageuka kua fimbo nyingine ya kujichapa. Kama sakafu imekula tisini, imekula tisini, andika hivyo hivyo ulivyo na usijilinganishe na chati.

Na kuandika matumizi je? Kuna watu kunawatibu kabisa. Japani wana utamaduni wa daftari la matumizi ya nyumbani linaitwa kakeibo, mwandishi wa habari Hani Motoko ndiye aliyelichapisha mwaka 1904, na mpaka leo watu wanalitumia, wanaandika kwa mkono, wanatafakari. Ukiweza, fanya, mimi nakuonea wivu. Mimi nikianza daftari la aina hiyo naliandika kwa bidii mpaka siku moja inapita bila kuandikwa, alafu ya pili, alafu daftari lenyewe linakua kitu cha kuogopa, linanitazama pale mezani. Kwaiyo nimeamua kufuatilia namba moja tu. Namba ya kilichobaki cha wiki hii. Sijui nimetumia kiasi gani kwenye sabuni na sitaki kujua, najua tu kwamba mpaka wiki iishe nina kiasi hiki, kama kipo nanunua, kama hakipo sinunui.

Hiyo namba tunaiangalia mara moja kwa wiki, na siangalii peke yangu. Baba watoto anafungua, mimi nakaa karibu. Wiki zingine mazungumzo yenyewe ni haya tu:

"Mama watoto, leo siku ya namba."

"Leo siwezi baba, fungua wewe uniambie."

"Zimebaki za kutufikisha Alhamisi. Kuna kitu nikate?"

"Dawa usiguse."

"Dawa nani kaigusa, hiyo si sakafu. Nakata ule usajili wa muvi."

"Watoto watalia."

"Watalia wiki moja."

Tumemaliza. Hakuna hotuba. Haikuanza hivi, mwanzoni kila tukigusa hela tunaishia kwenye lawama, nani alinunua nini na kwanini, mpaka tukakubaliana kwamba kwenye kile kikao hatuulizi kwanini. Tunauliza zimebaki ngapi na tunafanyaje. Ya kwanini yana wakati wake, mchana, tukiwa tumeshiba. Kama huna mwenza, dada yako, rafiki, mtu wa kanisani au msikitini unayemwamini, hata kwa simu tu, anakaa kwenye laini wakati unafungua. Huhitaji mtu mwenye hela wala mwenye ushauri. Unahitaji mtu asiyeshtuka.

Watoto pia wanahisi. Wakwetu tumewaambia kwa maneno yao, mama ana ugonjwa unaomchosha, na wiki hii tunatumia kidogo, hamjafanya kosa lolote. Nadhani ni bora kuliko kuwaacha wajitungie wenyewe.

Kuhusu kununua kwa ajili ya kujituliza, sitakwambia acha. Niliyoona yanasaidia ni vizuizi vidogo vya kijinga, kufuta taarifa za kadi zilizohifadhiwa kwenye apu ili kila ukinunua uandike namba zote upya, kuzima notifikesheni za ofa, na kitu cha usiku kisubiri asubuhi, kiweke kwenye kikapu cha apu kilale huko. Asubuhi kikiwa bado kinahitajika, sawa. Vingi havifiki asubuhi.

Ila raha iwekwe kwenye bajeti, na hapa nabishana na wale wote wa kaza mkanda. Sonona inachukua raha kwanza. Kuna tiba kabisa ya kisaikolojia inayofanya kazi kwa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli ndogo ndogo zenye raha au maana kabla hajajisikia kuzifanya, kwasababu ukisubiri hamu ije ndio utoke utasubiri sana. Sasa ukitengeneza bajeti isiyo na hata senti ya kitu kizuri, umeunga mkono ugonjwa. Kwangu kuna fungu dogo la raha na halitolewi maelezo kwa mtu. Likiisha limeisha. Tangu liwepo, yale manunuzi ya usiku yamepungua kuliko nilivyokua najikataza.

Kwa mwenye bipola, ule ugonjwa wa vipindi vya kuzama na vipindi vya kupanda kupita kiasi, habari ni nyingine na siwezi kuipita. Mdogo wangu anayo. Yeye shida yake kubwa haiko kwenye kuzama, iko kwenye kupanda, na matumizi ya ovyo yametajwa kabisa kwenye vigezo ambavyo madaktari wanatumia kutambua mania, ndiyo huko kupanda kwenyewe, pamoja na kulala masaa machache na kuamka una nguvu zote, mawazo kukimbia, kuongea bila kituo. Akiwa juu haoni kama anafuja, anaona amepata wazo la biashara ambalo dunia nzima haijaliona. Kumkatalia wakati ule ni ugomvi wa bure. Kinachofanya kazi kwake ni makubaliano aliyoyaandika mwenyewe akiwa mzima, kwamba nikilala kidogo siku mbili mfululizo na sijachoka, kadi anashika dada, kiwango cha kutuma kwa siku benki kimeshushwa, na hakuna kusaini wala kukopa kitu bila siku kadhaa kupita. Ameandika kwa maneno yake na amesaini. Kwaiyo siku namkumbusha, yeye ndiye anayejikataza, mimi nasoma tu karatasi. Hukasirika vilevile, lakini kadi anatoa.

Madeni. Hapa ndipo watu wanakufa, na sisemi kwa mfano. Kukopa ukiwa umezama ni rahisi mno siku hizi, mkopo uko kwenye simu, haukuulizi kitu, unaingia kabla hujajua unaenda kulipia nini, na riba na ada zake hata usipochelewa zinauma, ukichelewa ndio usiseme. Kanuni yangu ni moja, sikopi baada ya jua kuzama. Shida ya usiku mara nyingi inakuja kua kubwa kwasababu ni usiku.

Kama madeni yameshakua mengi, usijaribu kuyatatua yote, hutaweza na utakata tamaa. Zimbabwe kuna mpango unaitwa Friendship Bench, ulianzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, mabibi wa mtaani wamefundishwa, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanamsikiliza, anataja matatizo yake yote, alafu anachagua moja tu la kuanza nalo na wanapanga hatua zake. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wake yalichapishwa kwenye jarida la JAMA, na waliopitia benchi walikua na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Nachopenda ni hilo la kuchagua moja. Deni moja. Wahesabu watakwambia anza na lenye riba kubwa na kwa hesabu wako sahihi, ila kama hujiwezi na unahitaji kuona kitu kimeisha, anza na dogo kabisa ulifute jina. Isipokua kama kuna lenye mtu anayetishia nyumba au usalama wako, hilo linaenda mbele ya yote.

Na wadai waambiwe. Najua, najua, kupiga ile simu ni kama kupanda mlima. Tuma meseji basi, au mtu akuandikie: naumwa, natibiwa, mwezi huu naweza kiasi hiki, naomba mnipe muda na msimamishe adhabu. Uingereza na Wales wao wamefika hatua ya kuliweka kisheria, tangu tarehe 4 Mei 2021 mtu mwenye madeni anaweza kupata siku 60 ambazo wadai wengi wanazuiwa kumfuata na kumuongezea riba na adhabu, na aliye kwenye tiba ya dharura ya akili kinga yake inakaa muda wote wa tiba hiyo na siku 30 mbele. Pasipo na sheria kama hiyo inabaki kuomba, na mdai mwenye akili anajua anayelipa kidogo kidogo ni bora kuliko aliyezima simu. Cheti cha hospitali kinasaidia. Huna haja ya kutaja ugonjwa wenyewe kama hutaki, "matibabu ya muda mrefu" inatosha. Makubaliano yoyote yaandikwe, hata kwa meseji, maana wewe utasahau na wao wataangalia maslahi yao.

Na kama umefika mahali unapiga hesabu kwamba familia ingekua na unafuu wewe usipokuwepo, hiyo hesabu ni ugonjwa unaipiga. Usibaki nayo mwenyewe hata usiku mmoja. Mwamshe mtu, mwambie kwa maneno hayo hayo bila kuyapamba, nenda hospitali ya karibu kitengo cha dharura au piga namba ya dharura ya ulipo. Deni linaweza kusubiri kesho na kesho kutwa, limezoea kusubiri.

Akiba nitasema kidogo tu. Weka kidogo sana, ukiwa kwenye kipindi kizuri, na iwe na kazi moja, kulipa sakafu ya wiki utakazokua umelala. Usiiite ya dharura maana utaanza kubishana nayo kama hii ni dharura au la. Mimi yangu inaitwa hela ya kulala. Nikilala, inatumika, na situmii dakika hata moja kujisikia vibaya kwasababu ndiyo kazi yake.

Alafu kuna kurudi. Umepotea wiki mbili, tatu, mwezi, unaamka siku moja kichwa chepesi, na kitu cha kwanza unachotaka ni kurekebisha kila kitu siku hiyo hiyo, unatoa risiti zote, unataka kujua kila senti ilienda wapi. Usifanye hivyo aisee. Nguvu uliyorudi nayo ni ndogo na ule ufukuaji utaimaliza mpaka urudi kitandani. Angalia salio la leo. Angalia karatasi ya sakafu, weka alama kwenye vilivyolipwa, lipa kimoja kati ya ambavyo havijalipwa, tuma meseji moja kwa anayedai zaidi. Vilivyobaki ni vya kesho. Risiti za kipindi ulichopotea, kama hakuna unayoihitaji kurudisha kitu au kudai bima, tupa tu, hamna mtu atakayezikagua.